Reli ya Bububu na kuta za Malindi: uchambuzi wa kisa

Kila foleni ya barabara ya Bububu inaporefuka, habari ya reli hurudi barazani. Anayepanda daladala ya 502 asubuhi pale Kibweni akasimama shingo upande mpaka Darajani hahitaji kuelezwa kwa nini. Sensa ya 2022 iliukuta Mkoa wa Mjini Magharibi na watu 893,169 kati ya watu 1,889,773 wa Zanzibar nzima. Karibu nusu ya nchi imekaa kwenye kipande kidogo cha Unguja, na magari yake yote yanasukumana Darajani, Michenzani na Mwanakwerekwe. Reli ya mjini, nyepesi, ya umeme, ni jambo la kuzungumzwa kwa uzito, na mimi ni katika wanaoitaka.

Ila wanaoizungumza huanza na mabehewa, wakaja kwenye vituo, wakamaliza na nauli. Nyumba zilizo kando ya njia hutajwa mwisho, kwa neno moja: fidia. Mimi nataka kuanzia hapo kwenye nyumba, kwa sababu Zanzibar si mgeni wa jambo hili. Tulishawahi kupitisha treni mbele ya milango ya watu, katika mji uliokwisha kujengwa na kukaliwa, na kisa hicho tunacho chote, tangu kuwekwa reli hadi kung'olewa.

Kisa chenyewe

Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa na reli yake ndogo ya kumpeleka kwenye kasri ya Chukwani. Hiyo ilikuwa ya mfalme na jamaa zake, tuiache. Reli ya watu ilikuja zama za Sultani Ali bin Hamud, Zanzibar ikiwa tayari chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890. Kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney, ya New York, ndiyo iliyoijenga, na treni zikaanza kutembea mwaka 1905. Ilikuwa reli nyembamba, upana wa futi 3 baina ya chuma na chuma, yaani milimita 914, pungufu hata ya ile reli ya mita moja iliyozoeleka Bara. Urefu wake ulikuwa maili 7, kama kilomita 11, kutoka Ngome Kongwe mpaka kijiji cha Bububu.

Kinachonivuta katika reli hii ni pale ilipoanzia. Reli nyingi za Afrika Mashariki zilianzia bandarini zikakimbilia bara, na mji ukakua baadaye kuizunguka stesheni. Ya Bububu iliingizwa katika mji ambao tayari ulikuwa umekamilika, wenye nyumba za mawe za ghorofa mbili na tatu, misikiti, maduka, mabaraza na milango ya kuchonga. Stesheni ilikuwa Ngomeni, pua na pwani. Kutoka hapo njia ilishika upande wa Malindi, mtaa wa Mji Mkongwe huo huo, ikatoka mjini na kuifuata pwani kaskazini, kupita Maruhubi na Mtoni, mpaka Bububu.

Zipo picha za posta za miaka ile zinazoonyesha treni ikiwa katikati ya mtaa. Chuma kimelazwa juu ya njia ile ile wanayopita watu, punda na hamali. Hakuna uzio wala njia ya pembeni. Kuta ziko pande zote mbili, na ukitazama vizuri utaona kwamba baina ya behewa na ukuta pamebaki nafasi ya mtu kujibana, basi. Mwenye nyumba hapo hakuwa jirani wa reli tu. Baraza yake ilikuwa ndani ya reli.

Mwaka 1911 serikali iliinunua kutoka kwa kampuni. Barabara zikatengenezwa, motokaa zikaingia, na katika miaka ya 1920 huduma ya abiria ikakoma. Reli ikamalizia umri wake kwa kubeba mawe ya kazi za bandari, na 1928 ikafungwa moja kwa moja. Leo ukimuuliza kijana wa Malindi ilipopita, atakuonyesha Ngome halafu atanyamaza.

Kwa nini ilishindwa

Jibu linalosemwa na wengi ni motokaa. Ni kweli, lakini ni nusu ya jibu. Motokaa iliishinda treni kwa kuwa treni yenyewe haikuwa na njia yake. Ndani ya mji iliazima mtaa. Kila mkokoteni uliosimama kushusha mizigo, kila kundi la watu lililotoka msikitini, kila mtoto aliyekimbia kutoka mlangoni, ulikuwa mzigo wa dereva wa treni, naye hana usukani wa kukwepa. Chombo cha namna hiyo katika mtaa wa namna hiyo lazima kitambae. Kikishatambaa, abiria anayekwenda Mtoni hana sababu ya kukisubiri ikiwa gari jingine lipo. Na serikali ilipofika mahali pa kuchagua kipande kile cha ardhi kiwe cha nani, barabara ilishinda, kwa sababu mtaa mwembamba haukuweza kuwabeba wote wawili.

Lipo pia suala la moto. Injini ya mvuke hutema cheche na majivu, na nje ya Mji Mkongwe, upande wa Ng'ambo na mashamba, nyumba nyingi wakati huo zilikuwa za fito na udongo, zimeezekwa makuti. Makuti makavu ya mwezi wa pili na cheche ni vitu visivyofaa kukaa jirani. Reli ya leo ni ya umeme, kwa hiyo hatari hiyo imeondoka, lakini nimeitaja kwa sababu inaonyesha jinsi wahandisi wa 1905 walivyofikiri: walipima chuma, wakapima injini, wakaacha paa la jirani lijitazame lenyewe.

Hilo ndilo kosa ninalolisoma katika kisa chote, na ndilo ninalohofia litarudiwa. Reli ilipimwa kuanzia mstari wa katikati kwenda nje, na nyumba ikapewa kilichobaki. Reli ikipita kando ya makazi, kipimo kianze ukutani, kije njiani.

Ukuta wa Malindi umejengwa na nini

Anayetaka kupima kuanzia ukutani lazima aujue ukuta. Nyumba ya Mji Mkongwe imejengwa kwa mawe ya matumbawe, yakashikwa na chokaa na udongo mwekundu. Ukuta ni mnene, nusu mita na zaidi, na msingi wake mara nyingi ni huo huo ukuta ulioshuka chini kidogo ya njia. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba na virefu: boriti haifiki mbali, kama mita 3 hivi. Juu ya boriti kuna mawe na chokaa iliyopigwa kwa mikono mpaka ikashikana. Sakafu hiyo ni nzito mno.

Ukuta wa namna hii ukiwa mkavu, una uvumilivu mkubwa. Chokaa ni laini, hujinyonganyonga bila kupasuka kama saruji, na ufa mdogo wa chokaa unaweza hata kujiziba wenyewe kidogo kidogo. Tatizo ni maji. Bomba linalovuja chini ya njia, mfereji wa paa ulioziba, lipu ya saruji iliyopakwa nje miaka ya karibuni ikaufunga unyevu ndani: hayo ndiyo yanayoula ukuta. Ncha ya boriti iliyomo ndani ya ukuta huoza kimyakimya. Ukiipasua lipu pale boriti inapoingia ukutani, katika nyumba iliyokunywa maji kwa miaka, utaitoa ile mbao kwa kidole, vipande vipande, nyeusi kama tumbaku. Sakafu yenye uzito ule inakuwa imekaa juu ya kitu hicho. Inakaa kwa mazoea.

Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa 1883 na linalotazama pwani hatua chache tu kutoka ilipokuwa stesheni ya Ngomeni, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020, likaua watu wawili, na hakukuwa na treni yoyote iliyopita. Ukumbusho huo unatosha kwa kila mhandisi atakayekuja na ramani yake akidhani kuta hizi ni mawe tu.

Mtetemo, na ni upi wa kuogopwa

Wahandisi wana kipimo cha mtetemo: kasi ya ukuta unapotikisika, kwa milimita kwa sekunde. Kiwango cha Ujerumani kinachotumika sana, DIN 4150, kinasema kwamba kwa mitetemo ya mara moja moja yenye marudio ya chini, yaani mitikisiko michache kwa sekunde, msingi wa jengo la viwanda unastahimili 20, nyumba ya kawaida ya kuishi 5, na jengo la kale au dhaifu 3. Mwanadamu mwenyewe huanza kuuhisi mtetemo hata kabla haujafika nusu milimita. Ndiyo maana malalamiko huja mapema kuliko nyufa. Mtu ameketi, glasi kabatini zinalia, anaona nyumba inamwangukia, na mwenye kipimo anamwambia hakuna kitu. Wote wawili wanasema kweli.

Tramu ya kisasa inayokwenda taratibu juu ya reli iliyotunzwa, kwa kawaida haifikishi ukutani hata milimita 1 kwa sekunde. Ikilazwa juu ya bamba la zege lililowekewa mpira chini yake, mtetemo unapungua zaidi. Kwa hiyo treni yenyewe, ikishaanza kutembea, si adui mkubwa wa ukuta wa Malindi. Adui ni miezi ya ujenzi.

Fikiria kazi inavyokwenda. Kinakuja kijiko, kinachimba mtaro mita moja au mbili kwenda chini, pengine chini kuliko msingi wa nyumba iliyo hatua moja pembeni. Ardhi iliyokuwa inaukumbatia msingi inaondolewa upande mmoja. Mvua ya masika inaingia mtaroni na kukaa. Kisha inakuja rola ya kushindilia, nayo ikiwa karibu na nyumba inavuka kirahisi ile milimita 3, siku nzima, mara kwa mara. Boriti iliyokuwa imekaa kwa mazoea inapata sababu ya kuachia. Mradi ukimalizika, treni ya kwanza inapita, ufa unaonekana, na kila mtu ananyoosha kidole kwenye treni. Ufa uliingia nao mtaro mwaka mzima nyuma, na mkandarasi ameshalipwa na kuondoka.

Kwa hiyo katika mitaa ya kale masharti ya ujenzi yana uzito kuliko aina ya behewa. Mtaro uchimbwe vipande vifupi na ufungwe siku hiyo hiyo. Rola itumike ile isiyotetema. Vipimo vya mtetemo vibandikwe ukutani na viwe na kengele: vikifika kiwango fulani kazi isimame, hata kama afisa wa mradi yuko na wageni. Juu ya kila ufa wa zamani kibandikwe kipande chembamba cha kioo kwa jasi, kikaandikwa tarehe. Kioo kikikatika, ukuta umesogea. Ni njia ya zamani, ya bei ndogo, na bibi mwenye nyumba anaweza kuisoma mwenyewe bila kumsubiri mhandisi.

Ni bibi mmoja wa Malindi, anayemuuguza mumewe chumba cha chini kinachotazama njia, aliyeniuliza swali ambalo michoro ya reli hulipa nafasi ya mwisho. "Mwanangu," alisema, "hilo gari likipita usiku, huyu mgonjwa wangu atalala?" Nikamwambia, "Bibi, inategemea kona." Alinitazama akingoja maelezo, nikampa, nami nayatoa hapa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018 kwa nchi za Ulaya, linashauri kelele za reli za usiku nje ya nyumba zisipite desibeli 44. Reli iliyonyooka, yenye magurudumu laini, inaweza kukaribia hapo. Kona kali haiwezi kwa urahisi: gurudumu la chuma likilazimishwa kukata kona hulia mlio mwembamba, mkali, unaopenya hata dirisha lililofungwa. Dawa zipo, kupaka vilainishi kwenye reli na kutunza magurudumu, lakini ni dawa za kila siku, na zikisahauliwa wiki chache mlio unarudi. Katika mji ambao madirisha hayana vioo viwili na watu hulala madirisha wazi kwa joto, kila kona ni usiku wa mtu fulani.

Tukiipitisha tena leo

Tuichukue basi njia ile ile ya 1905 tuijaribu kwa kipimo kinachoanzia ukutani.

Behewa la tramu ya leo lina upana wa mita 2.40 au 2.65. Ongeza kuyumba kwake na nafasi ya usalama, njia moja inataka kama mita 3.5, na njia mbili kama 6.5 hadi 7, kabla hujamwekea mtu wa miguu mahali pa kupita. Kwenye kona inataka zaidi, kwa sababu kichwa cha behewa hutokeza nje na kiuno chake huingia ndani. Kona yenyewe haipendi kuwa na nusu kipenyo pungufu ya mita 25. Sasa simama ndani ya Malindi. Viko vichochoro ambavyo ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili, na hata mitaa mipana ya huko haikupinda kwa ajili ya chombo chenye urefu wa mita 30. Ili kona ipatikane, nyumba lazima ivunjwe. Mji Mkongwe uko katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na hata usingekuwemo, sioni haki ya kuvunja nyumba ya mtu ili abiria asitembee dakika kumi na tano. Kipande cha Ngome mpaka Malindi kimekataa. Na kisirudi tena mezani.

Darajani ni habari nyingine. Barabara ya Benjamin Mkapa ni pana, na mtu anayeiona kwenye ramani atafurahi. Lakini chini yake ulikuwa mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, ukafukiwa kidogo kidogo mpaka tukaona barabara. Ardhi ya kufukia ni laini, ina maji ya chumvi chini, na mtetemo wa marudio ya chini husafiri ndani yake mbali kuliko kwenye jiwe. Maji hayo ya chumvi yana balaa la pili. Tramu nyingi hutumia umeme wa mkondo mmoja, volti 750, unaorudi kupitia reli zenyewe. Sehemu ya umeme huo, reli zisipokingwa sawasawa, huvuja ardhini, na unapopata bomba la chuma hulipitia na kulila pale unapotokea. Katika udongo mkavu kuvuja kunapungua. Katika udongo wa Darajani, wenye chumvi, umeme unapata njia rahisi. Bomba likitoboka, maji yanakwenda kwenye misingi ya nyumba, na tumerudi pale pale kwenye boriti iliyooza. Nani katika majadiliano ya reli amewahi kumwita fundi wa bomba wa ZAWA, Mamlaka ya Maji Zanzibar, akae meza moja na mhandisi wa umeme?

Na mabomba yenyewe lazima yahamishwe kwanza. Mtu akichukulia jambo hili jepesi aitazame Edinburgh, mji wa kale wenye nyumba za mawe. Tramu yake ilifunguliwa 2014 ikiwa imechelewa miaka, kwa gharama ya pauni milioni 776, na njia ikiwa fupi kuliko ilivyopangwa. Sehemu kubwa ya matatizo ilikuwa mabomba na nyaya zilizokutwa chini ya barabara mahali ambapo ramani hazikuzionyesha. Ramani za chini ya Darajani haziwezi kuwa bora kuliko za Edinburgh.

Michenzani, kwa ukuta, hakuna shaka. Maghorofa yale marefu ya zege yaliyochorwa na Wajerumani Mashariki yalirudishwa nyuma ya barabara, yakaachiwa uwanja mbele. Nafasi ipo. Shaka yangu pale ni watu. Addis Ababa walipofungua reli yao ya mjini 2015, sehemu kubwa ya njia ilipita katikati ya barabara, ikazungushiwa vizuizi, na waliokuwa wakivuka kwenda sokoni na skuli wakajikuta wanazunguka mbali kutafuta kivuko. Michenzani yenyewe tayari imekaa msalaba, barabara mbili zimeigawa mara nne. Ukiweka uzio katikati ya barabara hizo umewakata watu wa jumba moja na duka lao, na mtoto na chuo chake cha Kurani. Reli ipite pale bila uzio, chuma kikiwa sawa na barabara, mwendo wa polepole, au isipite.

Kaskazini ya mji, kuanzia Kinazini kwenda Saateni, Mtoni, Kibweni mpaka Bububu, hapo ndipo reli inapoweza kupumua. Nyumba nyingi ni za matofali ya saruji, za miaka ya karibuni, na kwa kipimo cha DIN zinaingia kwenye lile fungu la milimita 5. Lakini hata huko nina neno. Watu wamejenga mpaka ukingoni mwa barabara, wakaongeza kibanda mbele, kisha ukuta mbele ya kibanda. Wengine wana karatasi, wengine wana maneno ya mzee aliyewapa kiwanja. Katika Zanzibar ardhi ni ya umma, mtu ana haki ya matumizi, na mali iliyo juu ya ardhi ndiyo inayothaminiwa. Mwenye kibanda cha chapati cha mita mbili atapata fidia ya mbao na mabati, wakati alichopoteza ni pahala panapomlisha. Mthamini akija na fomu isiyo na safu ya riziki, mgogoro umeshaanza.

Nani ataudai ufa

Suala hili ndilo linalonikosesha raha kuliko yote, na ndilo linalopewa muda mfupi kuliko yote.

Chukua nyumba moja ya kawaida ya Mji Mkongwe. Jengo ni la wakfu, liko chini ya Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Chini kuna duka, limekodishwa. Juu kuna familia mbili, kila moja na mkataba wake, moja ikiwa na mkataba ulioandikwa kwa jina la marehemu babu. Kodi ni ndogo, na kwa hiyo hakuna anayeona ni jukumu lake kutengeneza paa. Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoanzishwa 1985, inatakiwa itoe kibali kwa kila tengenezo. Sasa ufa umeonekana ukutani, toka dirishani mpaka chini. Nani anadai? Mpangaji hana jengo. Wakfu una jengo lakini hauishi ndani, haujui ufa ulianza lini. Mwenye duka anataka tu mlango ufunguke. Mkandarasi anasema ufa ni wa zamani. Na kweli, ufa wa zamani upo, sentimita chache pembeni ya mpya.

Bila ukaguzi wa kabla ya kazi, mtu huyu hana pa kusimama. Katika miradi inayoendeshwa kwa adabu, kila nyumba iliyo ndani ya umbali uliowekwa hukaguliwa chumba kwa chumba kabla ya kijiko kuingia mtaani: picha, vipimo vya nyufa, hali ya dari, unyevu. Ripoti hiyo ndiyo shahidi. Mradi ukimalizika, ukaguzi unarudiwa, na tofauti inalipwa bila mwenye nyumba kulazimika kuthibitisha kitu. Mzigo wa kuthibitisha uwe wa aliyekuja, kwa sababu nyumba ndiyo iliyotangulia. Katiba ya Zanzibar ya 1984 inalinda mali ya mtu isichukuliwe bila fidia. Ukuta unaopasuka polepole nao ni mali inayochukuliwa, ingawa hakuna aliyeandika barua ya kuuchukua.

Jambo moja zaidi. Fedha za kurekebisha nyufa zitengwe kabla, ziwekwe akaunti yake, zisiguswe na mradi. Zikiwekwa ndani ya bajeti ya jumla, ndizo za kwanza kuliwa gharama zinapopanda. Na zitumike kurekebisha kwa chokaa na boriti, kwa mafundi wanaoijua kazi hiyo, wala si kupaka saruji juu ya ufa na kupiga picha ya makabidhiano. Saruji hiyo itaufunga unyevu ndani, na baada ya miaka mitano ukuta utakuwa mbaya kuliko ulivyokuwa na ufa wake.

Reli inayoweza kukaa vizuri na nyumba za Unguja, kwa maoni yangu, inaishia Kinazini. Kutoka hapo mtu wa Darajani anatembea, na mgonjwa au mwenye mzigo anapewa kibasi kidogo cha umeme kinachopita njia iliyopo bila kuchimba chochote. Mji Mkongwe usiguswe. Michenzani iingizwe awamu ya pili, baada ya watu wa maghorofa kuulizwa wanavukia wapi, kwa kusimama nao barabarani asubuhi na jioni, si kwa mkutano mmoja ukumbini.

Kabla ya hayo yote, kazi ya kwanza ya mradi iwe ukaguzi wa nyumba. Uanze kabla mchoro wa njia haujapitishwa, ili matokeo yake yaweze kuisogeza njia ikibidi. Wakfu uwe na mtu wake ndani ya timu, na ZAWA pia. Na ripoti ya kila nyumba itolewe kwa Kiswahili, nakala mbili: moja ibaki kwa mkandarasi, moja ipewe anayeishi ndani, awe mmiliki au mpangaji, aisaini mbele ya sheha wake.